Jina Lako na Ndama wa Mogaka

Mama,

Mwanao Mogaka amesema leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwamba ndama wake haitwi tena jina lako, Kwamboka. Alinipigia simu akiwa zizini, ndoo ya maziwa bado iko mkononi, na nilisikia ng'ombe akipumua karibu na simu kuliko yeye. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema anao. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyemsikia akitamka hivyo. Akasema mke wake alikuwepo, na watoto, na jirani aliyekuja kuazima jembe. Nimeridhika. Hiyo ndiyo habari mpya kuliko zote.

Habari iliyoizaa hiyo ni hii: Kerubo wangu amejifungua. Mtoto wa kike, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, hapa Kisii mjini. Kilo tatu na robo. Aliyenijulisha ni Bi Rukia, mama yake Salim mumewe, ambaye alikuwa hospitalini tangu alfajiri na hakutaka kunipigia mapema kwa sababu, alivyosema, "Mngekuja wote kutoka Kebirigo na kuku." Mama na mtoto wako salama. Mtoto ana paji lako la uso. Sikulisema hilo mimi kwanza. Alilisema muuguzi ambaye hakukujua kabisa, aliyesema tu, "Huyu ana paji la mtu mzima anayedai kitu."

Ninajua utalalamika kwamba naandika kwa Kiswahili. Kwako Kiswahili kilikuwa lugha ya kuuzia ndizi na kufukuzia mbwa. Lakini ndiyo lugha iliyonilisha maisha yangu yote, nikisoma habari redioni, na barua hii nataka mtoto huyu aisome siku moja. Atakulia mjini, katika nyumba inayoamka na kulala kwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, nikiandika kwa Ekegusii itanibidi nikuite Baba, kama tunavyomwita mama kwetu, na huyo mjukuu atadhani namwandikia babu yake.

Najua pia mzee wa kanisa akiiona atanifungulia Mhubiri na kunionyesha kwamba wafu hawajui neno lolote. Ulikiamini kifungu hicho. Ulikisema kwenye matanga ya watu wengine kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Ila nakumbuka vizuri ile Jumapili tukipukuchua maharagwe barazani, ulipoinua kichwa ukasema, "Mimi ni Msabato. Nikifa nitalala tu, sitajua chochote. Lakini nikikaa mwaka mzima hakuna mtoto aliyepewa jina langu, nitajua."

Ndiyo maana naandika. Mwaka unakaribia kwisha. Imebaki miezi miwili kasoro siku chache, na tangu Jumanne swali letu limekuwa moja: je, mtoto wa Kerubo ataitwa Kwamboka, au hataitwa?

Nikupe kwanza yaliyotangulia.

Tangu tulipokuzika wamezaliwa watoto watatu katika ukoo wetu, na wote wavulana. Kila mimba ilipoonekana wanawake walianza kuliandaa jina lako, na kila mara tuliishia kuwapa majina ya wazee wa kiume waliokuwa wamesubiri kimya. Mke wa Mogaka alipozaa mvulana, wa tatu kati ya hao, mama mdogo Bosibori alisimama mlangoni mwa jiko akatangaza, "Dada yangu amekataa kuja. Anasubiri nyumba yenye umeme." Watu walicheka mpaka uji ukaungua. Lakini Bosibori alipogeuka nilimwona akipangusa macho kwa upindo wa leso, na hayakuwa machozi ya moshi.

Sasa ndama. Siku ya tatu baada ya maziko, ng'ombe wako mweusi alizaa. Mogaka alikuwa peke yake naye. Ndama jike, mweusi, na alama nyeupe begani. Mogaka alimsimamisha kwa miguu yake minne, akamtazama, akamwita Kwamboka. Nimemuuliza mara kadhaa kwa nini, na jibu lake ni lilelile: "Lilinitoka." Watoto wakasikia. Watoto wakisikia kitu, ni sawa na kimetangazwa. Baada ya wiki mbili ndama alikuwa anaitika. Unamwita kutoka kwenye migomba, anakuja mbio masikio yakiruka.

Hatukumkataza, Mama, na kosa hilo ni letu sote. Ilikuwa raha kulisikia jina hilo likiitwa jioni. Wanawake wanaorudi kutoka kituo cha majani chai walikuwa wakisimama barabarani kidogo, wanasikiliza, wanatabasamu, wanaendelea. Hakuna aliyekumbuka kwamba jina la marehemu likishapata wa kuliitikia, halirudi kukaa chini kusubiri.

Bi Rukia alikumbuka.

Ngoja nikukumbushe jinsi tulivyompata Bi Rukia, maana wewe ndiye uliyemleta. Kerubo aliposema anataka kuolewa na Salim, tulikaa kikao nyumbani kwako Kebirigo, watu wengi na nyuso ndefu. Kila mtu alisema lake. Wewe ulikuwa unamenya ndizi na hukuinua macho. Mwishoni ukauliza, "Hao Waislamu wanakula nguruwe?" Tukasema hapana. "Wanakunywa pombe?" Hapana. "Wana siku yao ya kwenda kusali?" Ndiyo, Ijumaa. Ukatupa ganda kwenye sufuria ukasema, "Basi ni Wasabato wanaowahi siku moja. Tuendelee na mambo mengine." Kikao kiliishia hapo. Kerubo anakisimulia mpaka leo, na Salim hukisimulia msikitini.

Halafu siku ya harusi ukakaa kiti kimoja na Bi Rukia, mkaulizana mnatoka wapi, ikaonekana mama yake alizaliwa Nyacheki kama wewe, na alichota maji mto uleule kabla hajaolewa na mfanyabiashara wa mjini na kubadili dini. Kuanzia hapo hamkuiona harusi. Picha ninazo. Katika kila picha maharusi wanaangalia kamera, na nyuma yao kuna wanawake wawili wanaonyosheana vidole na kucheka.

Kwa hiyo Jumatano nilikwenda nyumbani kwake nikiwa na matumaini. Nilibeba mkungu wa ndizi, sukari, na unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani kikwazo kitakuwa dini, kwa hiyo nilikuwa nimemuuliza maalimu mmoja ninayemfahamu, akaniambia jina lenye maana njema halina tatizo. Nilikuwa na jibu la kila swali. Bi Rukia alinimiminia chai ya tangawizi, akanisogezea mandazi, akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

"Mama Kerubo, dini haijaingia hapa bado. Kunywa chai."

Nikanywa.

"Hilo jina nimesikia lina mkia."

Nikaacha kunywa.

"Nimesikia lina mkia, lina kwato, na linakula majani ya napia. Nimesikia likiitwa linakuja mbio."

Nilimuuliza nani amemwambia. Alikataa kumtaja. Alisema tu kwamba kutoka Kebirigo mpaka Kisii pikipiki ni nyingi na kila pikipiki ina mdomo. Sikumsukuma. Mtu ana haki ya kuficha aliyempa habari.

"Mimi ni Mwislamu," akaendelea, "lakini mama yangu alizaliwa Nyacheki, kwa hiyo usinifundishe. Jina la mtu halikai mahali pawili. Mjukuu wangu aende kwenu likizo, aitwe jioni, na kitu chenye pembe kiitike kabla yake? Hapana. Mwondoeni ng'ombe kwenye jina kwanza. Na neno la pili. Hili si la kuombwa na binti aliyeolewa, hata akiwa na mdomo wa redio. Nyumba ya Kwamboka ina mtoto wa kiume. Aje yeye, asimame hapa, alitamke."

Nilimwambia kwamba Mogaka si mtu wa kusema mbele ya watu. Akasema analijua hilo, alimwona kwenye maziko. Akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba yeye pia ana mtu anayesubiri. Mama mkwe wake, Mwanaidi, aliyemfundisha kupika na kumlelea Salim, alikufa miaka minne iliyopita na hajapata mtoto wa kuitwa jina lake. "Ikifika Jumatatu, siku ya saba, na ninyi hamjaleta nilichotaka, mtoto ni Mwanaidi. Na sitakuwa nimekosea."

Nilikubali kwamba hatakuwa amekosea. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi njia nzima. Ningekuwa nabishana na mtu mkorofi ningejua la kufanya.

Baba yake Kerubo, nilipomsimulia, alisema hayo ni mambo ya wanawake na ng'ombe, akaendelea na gazeti lake.

Alhamisi nilikwenda Kebirigo. Nikukatize habari kidogo nikueleze nyumbani kulivyo, kwa sababu najua utauliza.

Majani ya chai yanachumwa vizuri. Mke wa Mogaka amechukua mistari yako ya juu, ile ya karibu na njia, na anafuata sheria yako ya majani mawili na chipukizi bila huruma. Nilimwona akimrudishia mwanawe kikapu kizima kwa sababu ya jani moja gumu. Nikakumbuka Kerubo alipokuwa na miaka minane, ulipomwaga kikapu chake chote chini na kumwambia aokote yaliyo mazuri tu, naye akaokota matano. Alilia. Ukampa kipande cha muwa ukamwambia, "Matano mazuri ni mengi kuliko kikapu cha takataka." Sasa hivi Kerubo ni mhasibu, na wafanyakazi wenzake wananiambia anawarudishia karatasi vivyo hivyo.

Mboga yako ya chinsaga nyuma ya jiko imejiotea yenyewe. Hakuna aliyeipanda. Bosibori huipika kwa maziwa kama wewe lakini haiachi ikae usiku mzima, kwa hiyo bado ni chungu, na tunaila tukiisifu kwa sababu anatuangalia.

Bosibori ndiye aliyebaki na simu yako. Wajukuu wana ile namba na hawajaizoea nyingine. Wakipiga anapokea, na yeye pia anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Mmoja wa wale wadogo wanaokuita Magokoro, yaani bibi, aliniambia, "Magokoro hajabadilika sana." Sikumsahihisha siku hiyo. Nilimsahihisha siku iliyofuata.

Kanisani nafasi yako, benchi la tatu kushoto, ilikaa wazi Sabato saba. Hakuna aliyeamua hivyo, watu walisogea tu. Sabato ya nane akaja mgeni, mwanamke wa makamo aliyehamia kwa mwanawe, akakaa hapohapo bila kujua. Watu walitazamana. Wimbo ulipoanza akaimba kwa nguvu, na Mama, anaimba vibaya kuliko wewe. Sikudhani inawezekana. Kwaya nzima ilipotea kwenye ubeti wa pili. Baada ya ibada wanawake walimzunguka kumsalimia kama ndugu aliyepotea, na mpaka leo hajui ni kwa nini anapendwa hivyo.

Redio yako ipo kwenye rafu ya jikoni, na bado iko kwenye stesheni yangu. Mogaka hununua betri. Nilipoiona nilikumbuka simu zako. Kila niliposoma habari ya huku kwetu ulipiga kabla sijavua vipokea sauti. "Umesema mvua ya mawe ilianza saa kumi. Ilianza saa tisa. Nilikuwa nimeanua nguo." Miaka yote hiyo sikuwahi kukukuta na kosa, na nilitafuta. Ulipokuja kuona ninapofanyia kazi, ulikitazama kile chumba cha kusomea habari, ukagusa ukuta, ukasema, "Hakina dirisha. Ndiyo maana hujui mvua imeanza saa ngapi." Mhariri wangu alicheka, kisha akaniambia tukiwa wawili kwamba nikuulize kama unatafuta kazi.

Basi. Alhamisi, saa tisa, nilimkuta Mogaka akikata napia. Nilimweleza yote, kwa mpangilio. Mtoto amezaliwa, jina linahitajika, ndama aliachie, na Jumatatu aje Kisii alitamke. Aliendelea kukata mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hapana."

Ndugu yangu huyo, unamjua, hasemi hapana. Husema tutaona. Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Wewe ulikuwa unamwona Mama sikukuu na likizo. Sikulaumu, kazi ni kazi. Mimi nimekaa naye hapa siku zote, na maisha yangu yote sijawahi kulitamka jina lake. Mtu hamwiti mama yake kwa jina. Nililisikia tu watu wengine wakilitumia. Sasa kila jioni ninalitamka kwa sauti, na hakuna wa kunigombeza. Mkilichukua, mimi nitabaki naita nini?"

Ndama alikuwa amesimama nyuma yake anatafuna mkono wa koti lake. Nilimsaidia kubeba napia mpaka zizini, nikanywa chai kwa mke wake, nikarudi Kisii. Njiani nilimpigia Bi Rukia nikamwambia ukweli, kwamba ndugu yangu amekataa na kwamba sababu yake ni nzuri. Nilimweleza sababu hiyo neno kwa neno. Akaomba namba ya Mogaka.

Alimpigia Ijumaa mchana, baada ya swala. Waliongea dakika arobaini na moja. Najua kwa sababu nilikuwa ninapiga kwa Mogaka kila baada ya dakika tano na namba inatumika. Yaliyosemwa nimeyapata kutoka pande zote mbili, na yanalingana, kwa hiyo nakuandikia kama yalivyo.

Bi Rukia hakumwamrisha. Alimsalimia kwa Ekegusii, akamwomba amweleze siku ulizoishi naye pale nyumbani, ninyi wawili tu, baada ya sisi wengine kutawanyika. Na Mogaka, ambaye hasemi, akasema. Alimweleza ulivyokuwa unamwamsha kwa kugonga sufuria. Alimweleza ulivyomfichia aibu alipovunja kioo cha mwalimu mkuu shuleni, ukaenda mwenyewe kusema ni jiwe lako. Hilo mimi nilikuwa silijui, Mama. Nilikuwa nakuhesabu kama mtu asiyesema uongo hata wa adabu. Nitalazimika kurekebisha kumbukumbu.

Alipomaliza, Bi Rukia akamwambia hivi: "Mwanangu, ndama hukua akawa ng'ombe. Ng'ombe huzeeka. Siku moja atakuja mnunuzi, au atakuja mchinjaji, na atakuuliza huyu anaitwa nani. Siku hiyo utamjibu nini?"

"Mtoto huyu hauzwi," akasema Bi Rukia. "Ukimwita atakuuliza unataka nini. Atakusumbua. Atakuja kwako likizo na atakula sukari yako yote. Na wewe utakuwa unalitamka jina mpaka uchoke. Fikiria, na Sabato njema."

Mogaka alifikiri Ijumaa jioni na Sabato yote. Mke wake anasema kanisani alikaa na Biblia imefunguka ukurasa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na haukuwa ukurasa uliokuwa ukisomwa. Jioni hakwenda kuita ng'ombe. Alimtuma mke wake. Na leo asubuhi, wakati wa kukamua, akamshika ndama shingoni, akamwambia jina lake jipya, akanipigia.

Jina jipya ni Ripota. Nilimwomba alirudie ili niwe na hakika. Anasema ndama huyo hufuata watu nyuma akiwatazama, huingiza pua mahali asipoalikwa, na hula karatasi. Bosibori ameliunga mkono. Nimepeleka malalamiko na yamepuuzwa. Mpaka saa tano asubuhi ndama alikuwa bado haitiki jina hilo, lakini watoto wamepewa chumvi ya kumfundishia, na matumaini yapo.

Nilimpigia Bi Rukia saa mbili. Nilimpa habari na majina ya mashahidi. Alipiga simu zake mwenyewe kuhakikisha, jambo ambalo nilimheshimu kwalo, akanirudia saa tatu kasorobo. "Sawa," akasema. "La kwanza limetimia. Limebaki la pili." Nilimuuliza kuhusu Mwanaidi wake. Akasema amezungumza na Salim na Kerubo, na wamekubaliana kwamba Mwanaidi amesubiri miaka minne na si mtu wa pupa, wala hakuwahi kumtisha mtu kwamba atajua. Mtoto wa kike atakayefuata ni wake. Hilo nimeliandika, na siku ikifika nitalisimamia.

Kwa hiyo, Mama, kila kitu sasa kiko juu ya mtu mmoja kusema neno moja mbele ya watu. Kwenye maziko yako alipewa kipaza sauti akakirudisha. Sijui kesho itakuwaje. Mke wake aliniambia muda mfupi uliopita kwamba yuko kwenye mistari ya chini ya chai, mbali na nyumba, anatembea huku na huku, na kuna anachokisema kwa sauti. Alijaribu kusogea asikie, akaona ni heri arudi.

Lazima nikuage. Nilidhani sehemu hii ingekuwa ngumu, lakini umenizoesha. Wewe uliaga kwa kugeuka tu na kuanza kazi nyingine, na mtu akibaki amesimama ulimwuliza kama amesahau kitu. Basi kwaheri, mama yangu. Lala vizuri.

Nakuahidi mambo mawili, kwa sababu la tatu, la jina, sina uhakika nalo. Mtoto huyu atajua Ekegusii. Bi Rukia atamfundisha akiwa mjini nami nitasimamia. Na hakuna atakayemwambia kwamba alipewa jina la malaika. Nitamwambia ulivyokuwa: kwamba ulinuna siku mbili kwa sababu ya kuku mmoja, kwamba uliimba vibaya kwa furaha, kwamba ulisema uongo mara moja kwa ajili ya kioo, na kwamba watu walipita njia ndefu kwenda sokoni ili wapite kwako. Nitampa yote, na atachagua mwenyewe ya kufuata.

Ratiba ni hii. Mogaka, mke wake na Bosibori wanatoka Kebirigo kesho, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Nitawapokea Kisii. Shughuli ni nyumbani kwa Bi Rukia. Mbuzi wa akika amekwisha kupatikana, nywele za mtoto zitanyolewa kwanza. Mimi nimeambiwa nikae nyuma na ninyamaze, na nimekubali. Saa nne kamili Bi Rukia atauliza mtoto anaitwa nani, na Mogaka atajibu.

Mwanao wa kwanza,
Mama Kerubo